Ililala Wapi? Kupiga Picha kwa Filamu Zilizosahaulika

Mikanda sita ya kwanza ya filamu za kamera niliipata kwenye droo ya studio moja mjini Nakuru. Mzee mwenye studio alikuwa ameshahamia dijitali miaka mingi, kazi yake sasa ni picha za pasipoti na kulaminisha vyeti vya shule. Nilimpa shilingi 300 kwa yote sita, akanitazama kama mtu anayenunua mkate wenye kuvu. Mitano ilikuwa ya rangi, ISO 200 (ISO ni kipimo cha kasi ya filamu kunasa mwanga), tarehe ya mwisho 2004. Wiki chache baadaye rafiki yangu wa Kisumu akaniletea mkanda wa aina hiyohiyo na mwaka huohuo, uliokuwa umekaa kwenye kibanda cha mabati karibu na soko la Kibuye. Nikapiga mmoja wa Nakuru na huo wa Kisumu siku moja, nikaiosha ndani ya tangi moja. Wa Nakuru ulitoa picha ambazo nilimwonyesha mama bila kujitetea. Wa Kisumu ulitoka kama maji ya mto Nyando siku ya mafuriko: kahawia tupu, na humo ndani kivuli cha kitu ambacho huenda kilikuwa bodaboda.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea mkanda wa zamani simuulizi una miaka mingapi. Namuuliza ulilala wapi.

Filamu ni chembe za chumvi ya fedha zilizotandazwa ndani ya gelatini. Zikikaa kwenye joto, chembe nyingine huiva zenyewe bila kuonja mwanga, na ukiziosha zinageuka nyeusi pamoja na zile zilizopigwa. Huo ndio ukungu wa filamu, utandu wa kijivu unaofunika negativu nzima, yaani filamu iliyooshwa, ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kando ya ziwa, mita 1,130 hivi, na mabati ya saa nane mchana unayajua. Miaka ishirini ya droo yenye ubaridi inaweza kuwa na madhara madogo kuliko miaka minane ya dashibodi ya matatu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: jokofu, droo, dari au gari? Jibu liandike kwenye mkebe kwa kalamu ya wino mzito, maana utasahau.

Kuzitafuta

Anza na studio zilizofungwa au zilizogeuka duka la simu, halafu wajomba waliowahi kuwa wapiga picha za harusi. Sokoni, siku ya Jumapili pale Kibuye, kamera za mtumba hupita pita katikati ya redio na pasi. Ukiishika kamera usifungue mgongo wake. Zungusha taratibu kile kitufe cha kurudishia filamu. Kikikaza, ndani mna mkanda, na huenda una picha za mtu. Nitaurudia huo mwishoni.

Chagua filamu za kasi ndogo. ISO 100 ya miaka ishirini mara nyingi bado ina uhai. ISO 800 au 1600 ya umri huo huwa imeshapata ukungu hata kama ililala vizuri, kwa sababu chembe zake zimetengenezwa ziwe nyepesi kushtuka, na mionzi ya asili inayopita kila mahali inazishtua kidogo kidogo. Mkanda ukinuka siki, plastiki yake imeanza kuoza. Uache.

Soma mkebe

Hapa ndipo watu huharibu vitu vizuri. Tafuta maandishi madogo ya namna ya kuosha. C-41 ni negativu ya rangi ya kawaida, iliyoanza 1972, na ndiyo utakayokutana nayo zaidi. C-22 ni ya kabla yake. Usikubali iingizwe kwenye dawa ya C-41, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwenye nyuzi 37.8 na gelatini ya zamani haikutengenezwa kustahimili joto hilo. Inaweza kuvimba na kuchubuka, ikachafua na kazi za wengine. E-6 ni slaidi, filamu inayotoa picha yenyewe badala ya negativu. Ukiona K-14, umeshika Kodachrome: filamu iliyozaliwa 1935, Kodak wakaacha kuitengeneza 2009, na maabara ya mwisho iliyoiosha kwa rangi, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ikaacha kupokea kazi hiyo mwisho wa 2010. Leo inaoshwa nyeusi-na-nyeupe tu.

Kodachrome na filamu nyingi za rangi za sinema zina pia tabaka jeusi la kaboni mgongoni. Lisipotolewa linaganda kila mahali. Loweka filamu dakika moja kwenye maji ya uvuguvugu yenye magadi, mwaga, suuza kwa nguvu mpaka maji yaache kutoka meusi kama chai ya rangi, na baada ya kuosha upanguse mgongo kwa kidole kilicholowa. Ukimpelekea mtu wa mashine filamu ya namna hiyo bila kumwambia, usirudi kwake tena.

Kipande cha majaribio

Usiamini hesabu ya mtu yeyote, yangu ikiwemo, kabla ya kukata kipande. Kila mkanda una maisha yake.

Weka mkanda kwenye kamera ambayo unaweza kuipangia ISO mwenyewe. Simama mbele ya kitu kimoja kisichobadilika, ukuta wenye jua upande mmoja na kivuli upande mwingine, na kama kuna mtu wa kukaa hapo, heri. Piga ya kwanza kwa ISO ya mkebe, ya pili ukiongeza stopu moja ya mwanga (kila stopu ni kuzidisha mwanga mara mbili), ya tatu stopu mbili, ya nne stopu tatu. Ya tano funika lenzi, piga giza. Kisha pitisha moja tupu ya usalama. Sasa ingiza kamera kwenye mfuko wa giza, fungua, kata filamu karibu na mkebe, na utoe kile kipande kilichopigwa. Picha moja inachukua kama milimita 38, hivyo umetumia sentimita 23 hivi kati ya mita moja na nusu na ushee. Si hasara.

Kioshe hicho peke yake. Fremu ya giza ndiyo itakayosema ukweli: ikiwa kijivu chepesi, mkanda ni mzima, ikiwa nyeusi karibu sawa na zile nyingine, mkanda umekufa na umejiokolea shughuli. Kati ya zile nne, chagua ile ambayo upande wa kivuli unaonyesha kitu cha kusomeka. Hiyo ndiyo ISO yako kwa mkanda huo na kwa ndugu zake waliolala naye.

Kama mkanda ni mmoja tu na huna moyo wa kuukata, kanuni ya wazee wa kazi ni kuongeza stopu moja kwa kila miaka kumi iliyopita, kwa negativu ya rangi. Ya ISO 200 iliyokwisha 2004 ipige kama ISO 50. Ililala kwenye mabati? Nenda 25. Nyeusi-na-nyeupe huvumilia zaidi, nusu ya hapo inatosha. Slaidi usiibembeleze kwa mwanga mwingi. Nusu stopu, basi, kwa sababu sehemu zake nyeupe zikishapotea hazirudi.

Kamera ndogo za kujiendesha husoma ISO kwenye vile vibati vya fedha vya mkebe. Vifunike kwa utepe mweusi wa fundi umeme na nyingi zitadhani ni ISO 100.

Na ukipiga watu, pima mwanga usoni, si angani. Ukungu hula kwanza sehemu za giza za picha, na uso mweusi ndiko unakokaa. Kamera ikipima uso wa Mwafrika kwa karibu huongeza mwanga kama stopu moja kuliko inavyotakiwa kwa filamu mpya. Kwa filamu nzee, kosa hilo ni zawadi.

Kuosha kwa kahawa na magadi

Mikanda ya rangi inaweza kuoshwa nyeusi-na-nyeupe, na mimi ndivyo ninavyofanya kwa mingi iliyolala vibaya. Rangi zikishaharibika hazipatani tena, picha inaegemea zambarau au kijani na huna la kufanya. Lakini fedha ndani yake bado ina umbo la picha. Dawa yenyewe inapatikana dukani. Mwaka 1995 darasa moja la kemia ya picha katika Rochester Institute of Technology, Marekani, chini ya Scott Williams, lilionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na kitu cha magadi huosha filamu. Baadaye watu wakaongeza vitamini C na dawa ikapata nguvu.

Kwa nusu lita, inayotosha tangi la mkanda mmoja na kubaki:

magadi makavu, gramu 27
vitamini C ya unga, gramu 8
kahawa ya unga ya papo hapo, gramu 20
chumvi ya mezani yenye ayodini, gramu 5, ikiwa filamu ina ukungu

Magadi yahitaji maelezo. Yale mawe yanayouzwa sokoni ya kulainishia maharagwe na mboga za kienyeji si sodiamu kaboneti tupu. Sehemu kubwa yake ni baikaboneti, na ndani mna maji. Ukiyatia hivyo hivyo dawa inakuwa dhaifu, na utalaumu filamu bure. Yaponde, uyakaange makavu kwenye chungu au kikaango cha chuma, moto wa wastani, ukikoroga kwa nusu saa hivi hadi yawe unga mweupe usiotoa mvuke. Gramu 100 zitabaki kama 70. Sufuria ya alumini usiitumie, magadi huila. Ukipata magadi ya kiwandani yaliyokwisha kuchomwa, ruka hatua hii. Rafiki yangu wa Kakamega alinishauri nijaribu munyu wa majivu, ule wa kuchuja. Nilijaribu. Tuyaache hayo.

Kahawa iwe ya bei nafuu. Si mzaha: robusta ina zaidi ya zile asidi zinazofanya kazi hii kuliko arabika nzuri, kwa hiyo ile ya kumkaribishia mgeni iache kabatini. Mimi hununua Africafe, inayotengenezwa Bukoba, ng'ambo ya ziwa. Isiwe iliyotolewa kafeini wala iliyochanganywa na maziwa na sukari. Vitamini C iwe unga mtupu kutoka kwa duka la dawa. Vile vidonge vya machungwa vya kutoa povu vina vitu vingine vinavyoua nguvu ya magadi.

Yeyusha magadi kwanza kwenye maji, yachuje kwa kitambaa safi, halafu chumvi, halafu vitamini C polepole maana itachemka kidogo, mwisho kahawa. Koroga bila kupiga povu, acha dakika tano. Itanuka kama soksi zilizopikwa. Fungua madirisha kabla watu wa nyumbani hawajauliza. Itumie ndani ya nusu saa, haikai.

Joto la dawa linahesabiwa kwenye nyuzi 20, na kwa nyuzi hizo muda ni dakika 15. Nakuru asubuhi, maji ya bomba hayako mbali na hapo. Kisumu ni hadithi nyingine. Utakuta nyuzi 25, na dawa ya moto huongeza ukungu ambao tayari unao wa kutosha. Weka jagi la dawa ndani ya beseni la maji na barafu, kama wanavyofanya na samaki Dunga, hadi ifike 20. Ikishindikana kabisa, punguza muda kama asilimia kumi kwa kila nyuzi moja iliyozidi; kwa 24 nenda dakika 10. Barafu ni bora.

Ingiza filamu kwenye tangi ndani ya mfuko wa giza, mimina dawa, pindua tangi taratibu kwa nusu dakika, kisha mara tatu kila dakika, ukiligonga mezani mapovu yatoke. Mwaga, suuza kwa maji matupu mara tatu.

Halafu fiksa, dawa ya kuondoa chembe ambazo hazikuonja mwanga ili picha isiharibike ukiitoa nje. Hiyo haina mbadala wa jikoni wa kutegemewa, lazima ununue, na wazee wa studio bado wanaiita haipo, kutoka "hypo" ya Kiingereza, ndiyo maana mazungumzo ya dukani huwa ya kuchekesha: "Haipo ipo?" "Haipo haipo." Kujua muda wake, tumbukiza kipande kibichi cha filamu hiyohiyo kwenye fiksa kwenye mwanga, hesabu mpaka kiwe angavu, kisha zidisha kwa mbili. Filamu nzee huchukua muda mrefu kuliko mpya, hivyo usibanie.

Kusafisha hakuhitaji bomba linalotiririka, na hiyo ni habari njema siku mfereji umekauka. Jaza tangi, pindua mara tano, mwaga. Jaza, pindua mara kumi, mwaga. Jaza, pindua mara ishirini, mwaga. Mwisho maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo.

Fiksa iliyotumika ina fedha ndani, isiende shambani wala ziwani. Itie kwenye mtungi wa plastiki pamoja na sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, na baada ya siku kadhaa fedha itajishika kwenye chuma kama tope jeusi.

Kukausha: bafuni, mlango umefungwa, kibanio cha nguo juu na kingine chini. Na taa imezimwa. Mkanda wangu bora wa mwaka juzi niliutundika jikoni Kisumu usiku, taa inawaka, dirisha wazi, msimu wa vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi. Gelatini mbichi ni gundi. Asubuhi nilikuta mamia yao wamepangana kwenye fremu zote thelathini na sita, mabawa yametandazwa vizuri kabisa, na kumtoa mmoja ni kutoka na kipande cha picha. Fremu ya kumi na nne bado ninayo. Ni mwanamke anayeparua samaki, na angani juu yake kuna ndege ambao hawakuwapo.

Kunakili si kazi. Negativu juu ya kioo, simu yenye skrini nyeupe sentimita chache chini yake ili vidoti vya skrini visionekane, simu ya pili ipige kutoka juu, kisha geuza rangi kwenye programu yoyote ya picha. Ule wekundu-njano wa filamu za rangi hupotea ukifanya picha nyeusi-na-nyeupe.

Filamu ya eksirei ndani ya mkebe wa maziwa

Kliniki zikihamia dijitali hubaki na maboksi ya filamu za eksirei ambazo hazijafunguliwa. Zile zenye picha za wagonjwa hazikufai kitu na si mali yako. Unatafuta boksi bichi, lililopita tarehe, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kulitoa, na risiti hata ya mkono. Hii ndiyo filamu ya bei rahisi kuliko zote, na ninaipenda kuliko zote.

Haioni nyekundu. Maana yake unaweza kuikata kwa mkasi na kuiosha kwenye beseni ukiwa umewasha taa nyekundu hafifu, ukiitazama picha ikija. Jaribu taa kwanza: weka sarafu juu ya kipande cha filamu kwa dakika tano chini ya taa hiyo, kioshe, duara la sarafu likionekana, taa si salama. Tabaka la filamu mara nyingi liko pande zote mbili na ni laini kama ngozi ya maziwa, kwa hiyo shika pembeni, kipande kimoja kimoja.

Chukua mkebe wa bati wa maziwa ya unga, paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Toboa upande mmoja tundu kubwa, libandike kipande cha kopo la soda ulichokitoboa kwa ncha ya sindano, tundu la kama milimita 0.4, na ukisugue kwa msasa mpaka kiwe bapa. Kipande cha utepe mweusi ndiyo shata. Kwa umbali wa sentimita kumi kati ya tundu na filamu, jua la mchana na filamu ukiihesabu ISO 50, anza na sekunde tano na uende hadi kumi. Mkebe ukae juu ya jiwe, usiushike mkononi.

Kwa kuwa haioni nyekundu, anga hutoka nyeupe, udongo mwekundu wa huku kwetu hutoka karibu mweusi, na nyuso zetu huwa nyeusi kuliko zilivyo. Majabali ya Kit Mikayi yanaipendeza sana. Kwa mtu, zidisha muda mara mbili, na mwambie aegemee kitu.

Wapiga chapa nao wana filamu zao za kutengenezea plati, kali zaidi na za kasi ndogo sana. Njia ni ileile, ila dawa ichanganywe na maji mara mbili zaidi, la sivyo utapata nyeusi na nyeupe bila kijivu katikati.

Mkanda uliokwisha kupigwa

Wa sita katika ile droo ya Nakuru, ule mweusi-na-mweupe, ulikuwa na ulimi, ile ncha ya filamu inayochungulia nje ya mkebe, umeingia wote ndani. Hiyo ni dalili kwamba mtu aliupiga na kuurudisha, kisha haukuoshwa. Huo hauna majaribio ya ISO. Mwanga ulishaingia, wewe unaokoa kilichobaki. Tumia dawa yenye chumvi, nyuzi 20 na zisizidi, na kama una uwezo kata sentimita kumi za mwanzo uzioshe peke yake ujue muda. Usiongeze muda ukidhani utaongeza picha, utaongeza ukungu.

Picha saba zilitoka. Mwanamume na baiskeli, mwanamume huyohuyo bila baiskeli, nyumba, watoto wanne wamesimama kwa urefu. Si zangu, kwa hiyo sikuzibandika popote mtandaoni. Nilizichapa ndogo nikampelekea mzee wa studio. Alivaa miwani, akaisogeza ya baiskeli dirishani, akaitazama kwa muda.

"Kijana," akasema, "huyu alilipa nusu, akasema atarudi Jumamosi." Akafungua droo ileile, akaanza kutafuta kitabu cha risiti.